Mlio wa Sinia

Sinia limeanguka jikoni, na mlio wake umenirudisha sebuleni kwetu Rashidiya, siku ya Idi, udi ukifuka. Sinia lilianguka vilevile, na Babu akaturuka sisi wajukuu zake, mbio hadi mlangoni.

“Mwenzangu, bado wakimbilia mashua?” akacheka mgeni wake, baharia mwenzake wa zamani. Akatusimulia: meli yao ya mizigo iliundwa harakaharaka wakati wa vita, vyuma vikachomelewa tu bila kupigiliwa misumari ya ribiti. Kwenye baridi kali sitaha ikapasuka kwa kishindo. Babu akashuka na mashua ya kujiokolea, peke yake. Meli haikuzama, ikamrudia kumwokota.

Babu aliketi, akaweka kofia sawa. “Karibuni chakula,” akasema, akitazama zulia. Nikaona aibu kuwa mjukuu wake.

“Mama, uko wapi?” mwanangu anaita kutoka jikoni.

Niko nje kwenye ngazi, peku.