Mtibu Saratani Zote Nimemkuta Kwenye Foleni ya Hospitali

Jamani, leo nimemkuta mtu anayetibu saratani zote amekaa kwenye foleni ya hospitali.

Ni yule jamaa anayeuza dawa kwa kipaza sauti pale stendi ya Tunduma. Unga wake mmoja wa dawa unatibu saratani ya titi, ya kizazi, ya damu na ya tezi dume. Unga haubagui.

Shangazi yangu wa Ibaba ameunywa miezi mitatu kwa uvimbe wa titi. Kilichonenepa ni uvimbe. Ndiyo maana leo nikamleta apimwe.

Jamaa alipotuona akainamia simu yake.

Shangazi akamsogelea, akamsalimia vizuri tu. "Baba, unga umekuishia?"

"Hapana, mama. Nimemleta mke wangu. Ana uvimbe kwenye titi."

"Sasa si umpe unga?"

Akashusha sauti. "Mama, huyu ni mke wangu. Siwezi kumfanyia majaribio."

Nilitaka kucheka, ila shangazi alikuwa hacheki.

Tukaitwa. Daktari akachukua kipande cha uvimbe kikapimwe. Akasema si kila uvimbe ni saratani, na kama ni saratani, aina yake ndiyo itaamua kati ya upasuaji, mionzi na dawa za dripu. Ila tungewahi ingekuwa rahisi zaidi.

Shangazi alitoka akiwa ameshika kifua.

Mke wa jamaa, aliyekaa pembeni ya mumewe na kusikia yote, akamtazama shangazi, kisha akamgeukia mumewe. "Na huyu mama si mke wa mtu?"

Jamaa akainamia tena simu yake.

Nyie mngemjibuje?