Shingo ya Mama wa Karambi

Mwalimu wetu wa katuni pale Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, tulimwita Afande. Hakuwahi kuwa mwanajeshi. Baba yake ndiye aliyekuwa, na Kiswahili chote alichojua mwalimu alikiokota kambini akiwa mtoto, kwa hiyo alifundisha kwa amri. "Kaa! Chora! Futa! Chora tena!" Ukimwonyesha kazi iliyompendeza alisema "Endelea," basi. Neno hilo tulikuwa tunarudi nalo nyumbani tukitembea kwa maringo.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa wanafunzi tisa, na harufu ya rangi ya mafuta ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi. Baba yangu, aliyetoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji na hakurudi tena, aliposikia nasomea katuni aliuliza kama kuna watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nikamwambia wapo. Akauliza kama wana wake. Mama akamwambia anyamaze ale.

Lakini swali la baba lilinikaa moyoni, maana mwaka ule wa mwisho jibu lake lilikuwa linakuja kwa miguu yake mwenyewe. Studio moja ya Kampala ingemtuma mama mmoja kuja kutazama filamu zetu za kumalizia masomo, na angemchukua mwanafunzi mmoja akafanye kazi nao. Mmoja tu kati ya tisa. Niliitaka nafasi ile mpaka nikaanza kuwaombea wenzangu virusi kwenye kompyuta. Jumapili nilitubu kanisani, Jumatatu nikarudia.

Filamu yangu ilikuwa ya dakika moja na nusu. Mama anashuka mlimani na tenga la kahawa mgongoni, mkanda wa tenga umepita kwenye paji lake la uso, kama wanavyobeba wanawake wengi wa Rwenzori. Nyuma yake anafuata binti yake mdogo, amechoka, amenuna, anapiga mawe teke. Mwishoni mama anageuza kichwa, anamtazama mtoto juu ya bega, anatabasamu. Mtoto anacheka. Imekwisha.

Kule kugeuka kwa kichwa kulinichukua wiki mbili. Katika kazi yetu sekunde moja inaweza kula michoro kumi na miwili, na kabla ya kuchora unatakiwa uigize kitendo mwenyewe, ujirekodi kwa simu, uangalie mwili unafanya nini. Mimi nilichukua begi langu la shule, nikafunga mkanda, nikauweka kwenye paji la uso, nikatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Nikageuka nikatabasamu vizuri sana. Ndani ya begi mlikuwa na sweta.

Nilipoionyesha darasani watu waliacha kazi zao wakasogea. Msichana aliyekaa mbele alijifuta macho. Afande akasema, "Endelea." Kisha akaongeza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu, "Hiyo mwisho, usiguse."

Ilikuwa Ijumaa, na mgeni wa Kampala alitarajiwa Alhamisi iliyofuata. Mimi nilishajiona nimeshinda. Nikaamua kwenda Bwera kwa kaka yangu nikaringe kidogo, maana raha ya kushinda ni kuwa na watu wa kuringia. Nikapanda gari, njiani pale Kikorongo nikanunua ndizi za kuchoma, na jioni haijaingia nilikuwa nimeketi kwa kaka.

Kaka yangu ameoa binti wa huko, na siku hiyo nilimkuta mama mkwe wake ameshuka kutoka Karambi, kule mlimani, kumletea bintiye mihogo. Tenga lake lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mimi nikamfurahia. Nikasema moyoni, hapa sasa nimepata mtu wa filamu yangu hasa! Nikamwamkia, nikafungua kompyuta mezani, nikamwekea kiti karibu.

Akatazama kwa heshima, mikono magotini. Akasifu kahawa. Akasifu mlima, akasema anaijua ile njia, ingawa niliibuni. Kisha kile kichwa kikageuka, na yule mama mkwe akapiga kelele akajishika kifua kwa kucheka.

"Huyu mwanamuke iko bundi?" akasema. "Muzigo iko kwa kichwa na shingo inazunguka! Rudisha, nione tena."

Nikarudisha. Akacheka zaidi. Wifi yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini, naye akaonyeshwa, naye akashika mlango asianguke.

Sipendi kuchekwa. Nikanuna waziwazi. "Mama, hii ni katuni," nikamwambia. "Katuni inaweza kufanya chochote."

"Ndiyo, mutoto yangu," akanijibu kwa upole kabisa. "Hata kuvunjika shingo." Kisha akaniangalia miguu kama anayepima viatu. "Kesho tunapanda Karambi. Utabeba."

Ningeweza kukataa. Afande alikwisha sema nisiguse, na mtu wa Kampala angejuaje? Lakini usiku ule kila nilipoikumbuka filamu yangu nilimwona bundi. Asubuhi nikapanda naye.

Shambani alinijazia tenga mihogo, kidogo tu kwa kipimo chake. Akaniinamisha, akaupanga mkanda kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Ukiwa juu zaidi unateleza, ukiwa chini unakufunga macho. "Simama," akasema. Nikasimama, na dunia yote ikawa vidole vyangu vya miguu. Shingo ilikaza hadi kiunoni. Magoti yalikataa kunyooka. Nilichokuwa nakiita mwendo kule shuleni, cha mwili kupanda na kushuka kila hatua, hakikuwepo. Nilikuwa nasukuma hatua fupifupi, mikono imeshika mkanda karibu na masikio.

Mama wa Karambi akazunguka nyuma yangu. "Mimi niko wapi?" akaita.

Nikageuza kichwa kumtazama. Tenga likaenda upande wake, mkanda ukateleza, nami nikakaa chini katikati ya mihogo yangu.

"Sasa umejua," akasema, akaanza kuokota.

Nikamuuliza, basi mtu akiitwa na mtoto wake nyuma hufanyaje? Akasema kama kuna lazima, unageuka wewe mzima, miguu na mzigo na kila kitu, kama lori. Kama hakuna lazima, unajibu kwa mdomo, unaendelea. Nikasikitika. Nilikuwa na filamu ambayo uzuri wake wote ulikuwa mama kumtazama mtoto, na sasa hakuna mama atakayemtazama mtoto.

Tukaanza kushuka, yeye mbele na tenga lake, mimi nyuma na langu, tukipiga hadithi bila kuonana. Njiani mjukuu wake, msichana wa miaka kama sita, akatukuta akitokea juu. Alikuwa na jino lililong'oka mkononi na alitaka bibi alione. Hakuita. Alinipita, akajipenyeza kati ya bibi yake na majani, akakimbia mbele hatua kadhaa, akageuka. Akaanza kutembea kinyumenyume mbele ya uso wa bibi, jino juu, akieleza mkasa wote tangu mwanzo. Na bibi, bila kusogeza kichwa hata kidogo, akainua macho chini ya ule mkanda, akacheka.

Nilisimama pale njiani na mihogo yangu nikacheka peke yangu. Furaha iliyonipata ni ile ya mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima kumbe ziko mkononi. Si mama anayegeuka. Mtoto ndiye anayekuja mbele ili aonekane. Na watoto wote wa mlima ule wanalijua hilo, kasoro mimi niliyelisomea.

Mama wa Karambi alinikopesha tenga lake la zamani nirudi nalo mjini. Jumatatu asubuhi nikaufungua ule mwisho wa wiki mbili, nikaufuta. Sikubakiza hata nakala, maana najijua. Ningeogopa siku ya Jumatano nikairudisha.

Afande akapita nyuma yangu. "Iko wapi ile mwisho?"

"Nimefuta."

"Rudisha," akasema.

"Haipo, Afande. Na hata ingekuwepo nisingerudisha. Ilikuwa uongo."

Nikamweleza habari ya mkanda, mihogo na jino. Akauliza, "Na Alhamisi ikifika haijaisha?"

"Basi nimekosa nafasi."

Afande akaondoka. Nilidhani amekasirika, na labda alikasirika. Lakini Jumanne nilipopanda ngazi nilimkuta amekaa kwenye kompyuta ya jirani yangu, anapaka rangi majani ya njia yangu, jani moja baada ya jingine, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa shule. Hakuniangalia. "Chora," akasema.

Tukachora. Wenzangu, wale niliowaombea virusi, walikuja mmojammoja kunisaidia kusafisha mistari. Niliona aibu tamu sana. Alhamisi asubuhi mgeni alipokuwa anapanda ngazi, mchoro wa mwisho ulikuwa unaingia.

Alikuwa mama mrefu mwenye miwani, mpole, anayeongea Kiingereza na mara mojamoja Kiswahili cha kuokoteza kama chetu sote. Alitazama filamu zote. Yangu ilipokwisha akaomba kuuliza.

"Huyu mama kwa nini hageuki kuangalia mtoto?" akasema. "Kichwa kidogo tu, hivi." Akageuza shingo yake, akatabasamu juu ya bega. Ilikuwa ileile filamu yangu ya kwanza. "Ingekuwa nzuri sana."

Afande akakohoa. Wenzangu wakatazama sakafu. Mimi, kama kawaida yangu nikibanwa, nikapandwa na hasira. Pembeni pale kulikuwa na betri mbili za sola zilizokufa zamani. Nikazitia kwenye tenga la Karambi.

"Mama, samahani," nikamwambia. "Naomba uvue miwani."

Afande akafumba macho. Lakini yule mama alivua miwani, na viatu pia, akainama. Nikampangia mkanda pale nywele zinapoanzia. Akasimama, akaguna. Nikaenda nyuma yake.

"Mama, niko hapa. Niangalie."

Akajaribu. Betri zikayumba, akapiga ukelele, Afande akaruka kulidaka tenga. Akajaribu tena polepole, shingo ikakataa. Ndipo nikampita, nikakimbia hatua tatu mbele, nikageuka, nikawa natembea kinyumenyume kuelekea dirishani huku naye akinifuata kwa hatua fupifupi. Akainua macho chini ya mkanda. Tukatazamana.

Akaanza kucheka. "Cheza tena," akasema. "Kutoka mwanzo."

Wakaicheza. Akaitazama amesimama vilevile, mikono kwenye mkanda, na pale mtoto alipompita mama yake akakimbia mbele, nilimsikia akisema taratibu, "Eee."

Afande alikuwa bado nyuma yake, ameshikilia tenga. Yule mama akamwambia bila kugeuza kichwa, "Huyu musichana, mimi naenda na yeye. Lakini kwanza mutoe hii kitu."

Nikakimbilia mkanda niuvue, na kwa furaha nikawa naukaza badala ya kuulegeza, mpaka Afande akanisogeza pembeni akauvua mwenyewe.