Mwalimu wa Kwenye Simu Hajibu

Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa mzungu wa kwenye video. Kila jioni, kijijini kwetu Bashay, nilikaa nje na bibi tukichambua maharage, simu ya kaka tumeiegemeza kwenye debe. Mwalimu anauliza swali, ananyamaza kidogo ili nijibu, halafu anatabasamu: "Vizuri sana!" Hata nikikosea, vizuri sana. Nilimpenda mno.

Nilikuwa najiandaa na usaili. Kampuni moja ya kutembeza wageni Mlima Hanang ilitaka kijana anayeweza kuongea nao njiani. Mimi niliishia kidato cha pili. Nafasi kama hiyo nisingeiona tena.

Bibi hajui Kiingereza, ila alikuwa anafuatilia.

"Anasemaje huyo?"

"Ananiuliza habari za nyumbani."

"Si aliuliza na jana? Wewe umemuuliza za kwake?"

"Bibi, hiyo video. Haisikii."

"Muulize! Mtu anakujali kila siku, umekaa tu kama mbuzi."

Basi nikauliza kwa Kiingereza kama mama yake ni mzima. "Vizuri sana!" akasema mwalimu. Nilipomtafsiria bibi, akaacha maharage.

"Hilo siyo jibu. Huyo ana shida, anaficha. Mpe pole."

Nilicheka mpaka nikalia. Lakini tangu siku hiyo kila swali nililojibu nililirudisha, bibi aridhike.

Siku ya usaili, mjini Katesh, nilimkuta mama wa kizungu mwenye mvi. Akaniuliza natoka wapi. Nikajibu vizuri kabisa, nikanyamaza nikisubiri sifa yangu. Kimya. Ananitazama, namtazama. Nikajua nimekosea, nikarudia kwa sauti kubwa. Kimya tena. Mdomo ukaenda wenyewe: "Na wewe unatoka wapi? Mama yako mzima?"

Kalamu yake ikasimama. Akaanza kuongea, haraka, maneno ambayo kwenye video hayakuwepo. Nikadaka "mama", nikadaka "hospitali", nikadaka "mbali". Macho yake yakawa mekundu. Sasa nimefanya nini? Kiingereza chote kikanikimbia, nikabaki na Kiswahili: "Pole sana, mama."

"Asante," akajibu kwa Kiswahili, akasimama, akanifungulia mlango. Basi. Aliyenitangulia aliulizwa maswali mpaka sisi wa nje tukasinzia, mimi swali moja tu! Nilirudi nyumbani nikijua nimeharibu.

Siku chache baadaye nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kaka alipokuja na simu mkononi.

"Wamepiga. Uanze Jumatatu, uje na viatu vya mlimani."

"Mimi? Umesikia vizuri? Wamesema kwa nini?"

"Mtu amepata kazi, anauliza kwa nini!"

"Lakini sikujibu kitu, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Na viatu sina."

Akanitazama miguu, akakaa kwenye majani, akaanza kufungua kamba za buti zake. Zilinizidi. Nikazivaa hivyo hivyo, huku namuuliza tena huyo aliyepiga alisema nini hasa, neno kwa neno.