Shule Yetu na Marehemu Aliyekuja Kuiona

Mara ya kwanza kuona barafu nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Muuza samaki mmoja pale mjini Mwanza alinipa kipande kwa kuwa nilimshikia baiskeli. Nikakifunga kwenye kaniki, nikatembea nacho mpaka kwetu, upande wa ziwa, mwendo wa saa moja kutoka Usagara, ili mama naye akione. Cheka tu, hata mimi nacheka. Nilipofika, kaniki ilikuwa imelowa na kaptula imelowa. Mama akanichapa kwa kujikojolea. Nikamweleza kwamba lilikuwa jiwe, limegeuka maji njiani, akanichapa tena kwa uongo. Baba akasema mtoto anayeona mawe yakiyeyuka afadhali apelekwe shule.

Shule yenyewe ilikuwa haijajengwa. Tulisomea kwenye banda la pamba, na msimu wa mavuno banda likijaa, sisi tunarudi kwa mbuzi. Nilifika darasa la pili. Sikufukuzwa, nilitoka mwenyewe, maana nje walikuwa wanajenga madarasa na mimi nilipenda mawe kuliko vitabu.

Aliyeongoza kazi ya mawe alikuwa kijana asiye na mke, mcheshi, mchafu kidogo. Kwetu mawe ni mengi kuliko watu, lakini yeye hakupasua hovyo. Anagonga jiwe kwa kipande cha chuma, anatega sikio, anasema, "Hili limeiva," au, "Hili bado." Lililoiva tunalizungushia kuni, tunawasha moto asubuhi, na kufika saa nane mchana akina mama wanalimwagia maji ya ziwani. Linapasuka lenyewe. Madarasa matatu yamesimama kwa mawe hayo mpaka leo.

Siku ya kuezeka hakuwapo. Alikuwa amevuka ziwa kwenda Geita kutafuta dhahabu. Baada ya mwaka dereva wa lori akatuletea katambuga zake, zile ndala za tairi, akasema shimo limemfukia. Tukazizika, tukakaa matanga, tukanyoa vichwa, na kamati ikaamua shule iitwe kwa jina lake. Likaandikwa juu ya mlango wa darasa la kwanza. Mimi kusoma nilikuwa nababaisha, ila jina lile nililijua kwa umbo, kama unavyomjua ng'ombe wako.

Miaka ikaenda. Ukaja wakati wa ruksa, kila mtu na biashara yake, mitumba imejaa minadani, na watu wa sangara wakatajirika mpaka wakasahau ladha ya dagaa. Bati za shule zilikuwa zimeoza. Mvua ikinyesha, darasa zima linahamia kona moja. Tajiri mmoja wa sangara akajitolea kuezeka upya, sharti shule ichukue jina lake. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati. Tukamjibu kwamba jina la marehemu halifutwi, mzimu wake utaziezua bati hizo usiku mmoja. Tajiri ni mtu wa kanisani, lakini mzimu hakuupuuza. Akasema Jumamosi atakuja na jibu.

Alhamisi asubuhi marehemu akaingia uani kwangu.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mke wangu.

Mke wangu alimjua kwa sauti. Akarudi nyuma, akachota maji, akatia unga, akamrushia usoni. Mama yake alimfundisha hivyo, mtu aliyeliliwa akirudi asipite mlangoni mkavu.

"Sasa umenipaka uji," mgeni akasema.

"Tulikuzika, shemeji."

"Mlizika katambuga. Niliziuza kwa mwenzangu, shimo likamfukia nazo. Mimi nina wajukuu saba kule. Nimesikia nina shule, nimekuja kuiona."

Nikamweleza habari ya tajiri. Kama marehemu anatembea, mzimu hatuna tena, na jina linaondoka. Akafuta unga kwenye ndevu.

"Basi Jumamosi nitakuwa mgeni wenu."

Jumamosi, kwenye mkutano darasani, akaketi nyuma kabisa. Mama mmoja aliyewahi kubeba maji ya mawe alimkodolea macho, kisha akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimcheza. Tajiri akamwona mgeni.

"Shikamoo mzee. Wewe ni wa wapi?"

"Marahaba. Ng'ambo."

"Ulimjua marehemu?"

"Sana. Alikuwa mkaidi, na kuoga hakupenda."

"Angekubali jina lake lifutwe?"

"Kwa mtu aliyejenga, angekubali. Angekuomba tu umchagulie jiwe moja lililoiva."

Watu wakacheka. Tajiri naye si mtu wa kununa, akatoka nje uwanjani, akaokota chuma, akagonga jiwe la kwanza, la pili, la tatu, kitambi kikimsumbua kuinama.

"Yote yanasema ko," akasema.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," akajibu yule mama wa kanga. "Sisi tulibeba maji kwa ajili ya anayeyasikia mawe."

Tajiri akatupa chuma chini, akapangusa mikono. "Haya, jina libaki. Bati zinakuja Jumatatu. Lakini nikifa mimi, na mimi kipeni jina langu hata kisima."

Watu wakampigia vigelegele. Mimi nikamshika mkono mgeni wangu pembeni.

"Kaa hata wiki moja. Bati zikishapigiliwa tutawaambia watu."

"Mkiwaambia, tajiri atazing'oa."

"Basi hatusemi. Wewe kaa."

"Nikikaa nitacheka, na nikicheka watanijua. Jina langu ndilo lile pale?" Akaelekeza kidevu juu ya mlango. Yeye hata darasa la pili hakulifikia.

"Ndilo."

"Refu kuliko nilivyodhani."

Akaweka mfuko wake begani, akaniachia mkono, akashika njia ya Usagara bila kugeuka. Hakurudi tena.