Paa la Kuonea Nyota

Mama alipofariki mwaka 2015 aliniachia wadogo zangu wawili na neno moja: nisiwatawanye. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule nilishaiacha tangu alipoanza kulazwa, kwa sababu wateja wake wa kusuka nywele walihitaji mtu, na nyumbani tulihitaji unga. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na miwili. Wa mwisho, binti, alikuwa na sita. Yeye alizaliwa hapa hapa Johannesburg, na mpaka leo ukimsemesha Kiswahili cha kwetu Uvira, Kongo, anakuelewa vizuri, kisha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Neno pekee la kwetu ambalo hakuliacha ni yaya, jina tunalomwitia ndugu mkubwa wa kuzaliwa. Yaya ndiye mimi.

Tuliishi hivyo Diepsloot, mtaa wa mabanda pembezoni mwa jiji, miaka minne, watatu katika chumba kimoja cha mabati. Mwanzoni mwa 2019 nilipata kazi Norwood, kwa mjane mmoja Myahudi. Nilimwita Madamu, kama ilivyo desturi ya kazi za ndani mjini hapa. Alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, na jikoni kwake nilijifunza upya kuosha vyombo, maana kwa dini yake vya nyama vilikuwa na sinki lake na vya maziwa lake. Nikikosea alisema, "Umeziozesha familia zisizopatana," halafu ananionyesha tena. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto wake walihamia Australia zamani.

Mwezi wa Septemba maduka ya wageni yalivunjwa. Huko Diepsloot ilikuwa zamu ya spaza, kiduka cha mtaani alimofanya kazi mdogo wangu wa kiume. Alirudi mbio bila kiatu kimoja, na yule wa mwisho aliyaona yote kutoka mlangoni petu: watu wakibeba friji, mabati ya duka yakikunjwa kama karatasi. Kuanzia siku hiyo akaacha kwenda shule. Akaacha pia kuongea, isipokuwa akiulizwa. Madamu aliposikia alisema nimlete tulale naye katika chumba cha nyuma mpaka hali itulie. Kaka yake akabaki kulinda chumba.

Ndipo mjomba wetu wa Lusaka alipopiga simu. Aliweza kumchukua binti. Sisi wengine hakutuweza, nyumba yake ilikuwa imejaa, lakini huyo mmoja angepata kitanda na shule. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa anasafiri kwa basi siku ya Alhamisi na angempeleka. Nilitakiwa kutoa jibu kabla tiketi haijakatwa. Nilisali wiki nzima nikiomba Mungu anionyeshe, na sikuona kitu. Kila nilipotaka kusema ndiyo nilimsikia Mama, na kila nilipotaka kusema hapana nilimwona mdogo wangu amesimama pale mlangoni.

Jumapili ilipofika, nilitoka ibadani na kumkuta Madamu ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, amezungukwa na mabomba ya chuma, maturubai, mianzi na makuti ya mtende yaliyokatwa kwa jirani.

"Leo tunajenga," alisema. "Mume wangu alikuwa akijenga kibanda kinacholalia upande. Kila mwaka. Chako kikisimama wima atakuja kunilalamikia ndotoni."

Habari za Sikukuu ya Vibanda nilizisikia kanisani tangu utoto, ila nilidhani ziliishia na watu wa kale. Madamu akanieleza kwamba juma zima Wayahudi wangekula humo, wakikumbuka babu zao waliokaa jangwani bila nyumba. Na siku hizo hizo wameamriwa wafurahi.

"Mtu anaamriwaje kufurahi?" nilimuuliza.

"Kama anavyoamriwa kunawa mikono."

"Na kama hana furaha?"

"Anapika supu. Furaha ikija, iikute supu mezani." Akashika kiuno akainuka. "Mimi mwaka huu sina hata tone. Usiweke chumvi nyingi."

Akaenda kujinyoosha kidogo. Mimi na mdogo wangu wa mwisho tulisimamisha mabomba, tukafunga maturubai kuwa kuta, tukalaza mianzi juu. Kisha nikatazama mbinguni. Upande wa kaskazini wingu lilikuwa limeanza kupanda, jeusi, na Oktoba Johannesburg wingu la namna hiyo huja na mawe ya barafu. Mimi nimelala chini ya paa linalovuja. Najua maji yanavyolifanya godoro, na harufu inayobaki wiki mbili. Nikaingia gereji, nikapata plastiki nyeusi nene. Niliitandaza juu ya mianzi, nikaivuta mpaka ikakazika kama ngoma, nikaifunga kwa waya, nikaweka mawe kwenye pembe, jinsi tunavyofanya kwetu upepo usiichukue. Juu yake nikapanga makuti ili isionekane. Kilikuwa kibanda kizuri. Hata ndege asingepata tundu.

Madamu alipotoka aliingia ndani yake, akaketi, akatazama juu.

"Nyota ziko wapi?"

"Bado mchana, Madamu."

"Zikitoka nitazionea wapi?"

"Nimeziba. Mvua itanyesha."

"Naiona mvua. Umeziba vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kumlipa. Sasa zibua."

Niliona kama ananichezea. Nikamwambia ataloa. Akasema ataloa. Paa hilo, alisema, ni lazima liwe la vitu vilivyoota ardhini, na liwe jepesi kiasi cha kupitisha mvua. Likizibwa, hicho si kibanda tena, ni nyumba yenye kuta mbaya. Tena makuti yaliyopangwa juu ya plastiki hayakuhesabiwa kuwa paa. Ilibidi yashushwe yote, plastiki itolewe, kisha yapangwe upya kabla jua halijazama, kwa sababu sikukuu ikishaingia kazi hiyo haifanywi.

"Yapangwe na wewe?" nilimuuliza. "Mimi si Myahudi."

"Yapangwe na yeyote mwenye magoti mazima. Mikono haiulizwi dini."

Basi nikapanda ngazi tena, nikaanza kukata waya nilizozifunga mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa chini akiyapokea mawe. Hapo simu ikaita, nikaiweka spika maana mikono ilikuwa na waya. Alikuwa kaka yake.

"Yaya, mjomba ameuliza tena. Yule mama anakata tiketi jioni hii."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi? Kule hakuna mtu atakayemvunjia mlango. Mimi nasema aende. Lakini usiniulize kama nitalala vizuri."

"Nitakupigia jua likizama."

Tulikuwa tumesema kwa Kiswahili, na nilisahau ni nani aliyekuwa chini ya ngazi. Mdogo wangu aliliweka jiwe kwenye nyasi taratibu, akamgeukia Madamu, akamwambia kwa Kiingereza, "Wananipeleka Lusaka."

"Lusaka kuna nini?" Madamu aliniuliza mimi.

"Kuna nyumba ya matofali."

Aliendelea kuchambua makuti, yaliyokauka huku, mabichi huku. "Mwanangu wa Perth naye ana nyumba ya matofali. Chumba changu kiko tayari, ameweka hata kiyoyozi. Kila wiki ananiuliza tarehe."

"Utaenda?"

"Sijui. Hapa nimebaki na makaburi na majirani wawili. Kule kuna wajukuu wasiojua natania saa ngapi." Akaninyooshea kuti. "Nitaenda au sitaenda. Wiki hii najua ninapokula. Shika."

Tulimaliza jua likiwa limebaki kidogo. Aliwasha mishumaa ya sikukuu jikoni, akafunika macho kwa viganja, akasali. Mara mvua ikashuka. Ilipiga mabati ya gereji, ikaja na mawe, na sisi watatu tukakaa jikoni tukiitazama dirishani. Makuti yaliruka. Ukuta mmoja wa turubai ulijaa upepo na kuvimba. Nilikuwa nikisubiri Madamu aseme, haya, tuleni humu ndani. Hakusema. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri ya buluu na ameshika mkate uliofunikwa kitambaa, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

Mvua ilipopungua akatoka. Nilifuta viti, nikabeba supu. Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye makuti mpaka kwenye kitambaa cha meza. Mdogo wangu alikuja mbio na mwavuli, akaufungua juu ya kichwa cha Madamu.

"Toa, toa," Madamu alisema, akiusukuma kwa kiwiko. "Dada yako ametoka kunizibia, wewe unaniziba tena. Familia ya wazibaji hii."

Mdogo wangu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini sikuwa nimekisikia tangu siku ya duka.

Madamu akainua kikombe cha divai. Sala ya kubariki divai ilikuwa kazi ya mumewe. Alianza, sauti ikamkatika, akaanza tena kutoka mwanzo mpaka akafika mwisho. Mwishoni kabisa kulikuwa na maneno aliyoyasema polepole kuliko mengine. Nilimuuliza maana yake. Alisema anamshukuru Mungu kwa kumweka hai na kumfikisha leo.

"Leo tu?"

"Leo tu. Kesho jioni nitayasema tena, kwa ajili ya kesho." Akaonja supu. "Chumvi."

Tone likaanguka katika bakuli lake. Akaendelea kula. Mimi nilikaa na kijiko mkononi nikimtazama mwanamke huyu aliyefiwa, ambaye hakujua mwaka ujao atakuwa bara gani, akila taratibu chini ya paa lililotobolewa makusudi. Sikumwona akijidanganya kwamba mvua imekwisha. Mimi nilikuwa nimemwomba Mungu anipe kwanza mahali pasipovuja, ndipo nishukuru, ndipo nimlee mtoto wa mama yangu. Yeye alishukuru analoa.

Mdogo wangu alikuwa ameinua uso. Wingu lilikuwa linapasuka, na kati ya makuti ilionekana nyota moja, kisha nyingine. Alizitazama, halafu akasema bila kunigeukia, na kwa Kiswahili, "Yaya, usinipeleke."

Nilitoka mpaka getini nikampigia kaka yake.

"Haendi," nilisema.

"Sharp, sawa. Basi njoo na misumari. Paa limefunguka upande wa mlango."

Mjomba alikasirika. Alisema tukipatwa na jambo nisimlilie, na hakukosea kuogopa. Jumatano jioni tulirudi Diepsloot. Kaka mtu alikuwa juu ya paa, mimi nikimpa misumari, na yule wa mwisho akimwelekeza kutoka chini kwa Kizulu mahali panapoingiza mwanga.

Alhamisi, saa ambayo basi la Lusaka lilikuwa likiondoka, nilikuwa namsindikiza shule, sketi yake nimeipiga pasi usiku. Mtaa ulikuwa umetulia, lakini utulivu wa mtaa ule niliujua, kwa hiyo nilimshika mkono njia nzima. Getini aliutoa mkono wake, akaingia. Nilibaki pale mpaka kengele ikalia. Nilikuwa na hofu, na nilisali nikiwa nayo, nikamshukuru Mungu kwa kutufikisha asubuhi hiyo.

Nilichelewa kazini. Madamu alikuwa kibandani, amevaa koti, anakunywa chai chini ya makuti yaliyoanza kugeuka rangi.

"Ameenda?" aliuliza.

"Ameenda shule."

Akatikisa kichwa kukubali, akanisogezea kiti.