Mvule wa Kambale

Hadijah aliuza mbao mjini Busia, katika duka aliloachiwa na marehemu mumewe. Mafundi walimheshimu, maana aligonga ubao kwa kifundo cha kidole tu akajua kama umekauka au bado. Mvule wake ulitoka Kongo, kwa mtu wa Beni aitwaye Kambale, aliyeleta lori kila baada ya miezi miwili kupitia Uganda. Vita vilipofika Beni mwaka wa sitini na nne, lori halikuja tena, wala barua.

Aliyemwokoa ni Okedi, mkulima wa Kocholia. Alikata mikaratusi ya babake, akaipasua, akamletea kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mbao zilipinda na milango ikagoma kufungika, lakini duka liliendelea. Hadijah akamhimiza apande mingine. Okedi akajaza miche shamba zima la wimbi.

Siku moja ya soko, mwaka wa sitini na nane, lori lenye vumbi la safari ndefu lilisimama mlangoni. Kambale alishuka polepole, nywele zote nyeupe.

"Mama, ungali unataka mvule?"

Hadijah alienda kumletea maji. Kambale alikunywa, akamweleza kwamba kiwanda chake cha mbao kilichomwa moto, ndugu zake wawili hawapo tena, na mbao hizi amezipasua kwa msumeno wa mkono.

Kabla lori halijashushwa, Okedi naye akafika na mkokoteni wake umejaa. Hadijah alijiona kama mwizi aliyefumaniwa.

"Okedi, ni mimi nilikuambia upande."

Okedi alipitisha kiganja juu ya mvule, akaunusa. "Hii ndiyo mbao, mama. Yangu ni ya paa."

"Basi nitaichukua kwa mapaa."

"Yote?"

Hadijah angeweza kusema ndiyo, na ungekuwa uongo mtamu. "Nusu," alisema. "Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Okedi aliitikia kwa kichwa. Alimsaidia Kambale kushusha mvule mpaka ubao wa mwisho, kisha akarudi Kocholia na nusu ya mzigo wake.

Mwaka huo alikata miti mingi ingali michanga, akaiuza kama fito, akapanda wimbi tena. Aliendelea kuleta mbao za paa, lakini salamu zake zilikuwa fupi. Ilipita miezi mingi kabla hajakubali tena kuketi dukani anywe chai. Hadijah hakumharakisha.