Sifa za Gitare zilivyofika Japani

Munanisumbua bure. Mukono wangu unaandika kama kuku anachakura, masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire, na kila siku Élysée wa parokia anakuja kunisimamia mulangoni: "Mama Athanasie, andika habari ya mutoto wenu wa Japani." Angeiandika yeye, angeweka malaika ndani. Basi naandika mimi, na muntu asinisahihishe.

Mutoto njo Gisubizo, binti wa kaka yangu Straton, mufugaji wa Kibabi. Alipopata bursi ya kwenda inivesite ya Japani, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kijapani! Utakamua ng'ombe na Kijapani?" Straton akawajibu: "Ninyi Kifaransa kiliwashinda. Nyamazeni."

Mwaka wa kwanza kule alisoma kama mutoto wa maternelle: maji, mulango, asante. Mwaka wa ine kikafika Kijapani cha juu, kile chenye kuvunja mugongo. Alama elfu mbili za kuandika, kila moja na mikono na miguu yake. Magazeti ya zamani ambayo hata vijana wa kule hawasomi. Na tena ile namna ya kusema na mukubwa, wewe ujishushe, yeye umupandishe, katika kila neno. Wenzake wa inchi zingine walilia pale. Gisubizo hapana. Alilelewa kwetu, ambako bibi-arusi hataji jina la baba mukwe wake mpaka anakufa. Kujishusha kwa mudomo alikujua tangu ziwa la mama.

Kazi yake ya mwisho, ile wanaita mémoire, ilikuwa kutia katika Kijapani kitu cha kwao ambacho hakijaandikwa popote. Alichagua sifa za ng'ombe. Ng'ombe muzuri ana sifa zake peke yake, na mwenye kumufuga anazitamka jioni, mikono juu kama pembe. Kibabi muzima hakuna aliyezijua kama Straton. Mwalimu wake, muzee Hirano, muntu mukavu asiyecheka, akamuambia: "Bila sauti ya baba yako hii si kazi. Ilete mbele ya Noeli. La sivyo utarudi kwenu bila diplome."

Sasa wakati ule sisi hatukuwa tena Kibabi. Mwezi wa pili, wenye bunduki walipanda kwetu, wakachukua ng'ombe zote, Gitare, ng'ombe mupenzi wa Straton, mbele. Tukashuka kwa miguu mpaka Bweremana, tukalala chini ya bashi, lile turubai la wakimbizi, kando ya ziwa. Gisubizo alijua kama tumekimbia. Kuhusu ng'ombe aliuliza mara moja tu, na baba yake akajibu: "Ziko malishoni." Hakurudia. Kwetu mufugaji haulizwi ng'ombe zake zimebaki ngapi. Anayehesabu anaita hasara. Mutoto alikuwa na adabu, na adabu yake njo ilimufunga macho.

Akapiga telefone.

"Papa, nisifie Gitare. Nitashika sauti yako."

"Sina nafasi."

"Papa, miaka tano itaanguka kwa siku moja!"

"Ianguke. Mimi si radio."

Gisubizo alilia chumbani kwake, akifikiri baba amezarau masomo yake sawa na wale wa Kibabi. Hakujua kama kila asubuhi Straton alipanda barabarani kutazama makundi ya ng'ombe yanayoshushwa kuuzwa, akitafuta sikio moja lililopasuka, la Gitare. Na katika ukoo wetu kuna sheria: ng'ombe aliyepotea hasifiwi. Ukimusifu, umemuaga, umekubali kama harudi tena. Shangazi, njo mimi huyu, alijua yote, akanyamaza. Straton alikuwa amemuapisha.

Siku ine mbele ya Noeli, Gisubizo akapiga tena. Safari hii hakubembeleza. "Papa, nitarudi. Nitafungasha kesho."

 Straton akasimama mbele ya bashi, akanipa telefone niishike, akanyanyua mikono.

Habineza, jirani yetu mwenye mudomo, akapiga kelele: "Muzee, unasifia nini? Sufuria?" Watoto wakacheka, wakanyanyua na wao mikono.

Straton hakugeuka. "Gitare, mweupe kupita ukungu wa Kibabi! Uliyekataa kuvuka muto mpaka ndama wa mwisho avuke! Uliyelishwa na munyonge, naye akatembea kama chefu wa kijiji! Gitare, sikio lililopasuka kwa waya, ukatoka umesimama!" Alizisema zote, moja kwa moja, mpaka sauti ikapasuka. Halafu akauliza: "Imeingia?"

"Imeingia, Papa. Aksanti, Papa!"

Akashusha mikono polepole, kama muntu anayeweka muzigo chini.

Gisubizo aliisikiliza sauti ile mara mia. Alitafuta neno la ukungu, neno la ndama, neno la kusimama. Maneno ya sifa tu njo aliyasikia.

Siku ya kutetea kazi, Hirano akaiweka sauti mbele ya walimu wote. Ilipoisha akasema: "Nyuma ya baba yako nasikia watoto wengi. Nasikia sufuria, na maji inapiga mawe. Ng'ombe hata mumoja hakulia. Ziko wapi?"

 Pale, mbele ya wageni, njo Gisubizo alielewa alichomufanyisha baba yake. Angeweza kusema kweli, na walimu wangemuhurumia. Akainama mpaka chini, akajibu kwa Kijapani cha juu kabisa, kile cha kumupandisha anayetajwa:

"Ziko malishoni, mwalimu."

 Hirano hakuuliza tena. Walimupitisha.

Siku ile ile akapiga. "Shangazi, Gitare alichukuliwa lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na mukaniacha nimuombe Papa amusifie?"

"Ungejua, ungeacha shule."

"Mupe Papa telefone."

Straton alikuwa anatazama ziwa. "Muambie nimesikia amepita. Inatosha." Hakuishika. Na tangu zile sifa, hajapanda barabarani tena hata asubuhi moja.

Mimi sikumusifu Gitare. Mimi sijaaga. Basi wewe unayesoma, tazama ng'ombe zako. Mweupe mwili wote, sikio la kushoto limepasuka, pembe ya kuume inaangalia chini. Kama ulimununua ao ulimupora, sikuulizi. Mulete Bweremana, akiwa muzima, uulize bashi ya Straton. Na ufanye haraka.